Anayekwenda Peke Yake na Anayempokea

Vitabu vya wasifu wa wamisionari wa Kikristo, yaani waamini waliovuka mipaka ya nchi na ya utamaduni wao ili kuihubiri imani kwa watu wengine, vina desturi moja ambayo msomaji huizoea hata akaacha kuiona: kuondoka huandikwa kwa kurasa nyingi, na kupokewa huandikwa kwa mistari michache. Msafiri huagwa kituoni au bandarini, jamaa hulia, maombi hufanywa, sanduku huwa moja na fedha huwa haba, na kadiri anavyozidi kuwa peke yake ndivyo mwandishi anavyozidi kuamini kwamba ameitwa kwa hakika. Mtu aliyemfungulia mlango upande wa pili wa bahari, akampa maji ya kuoga, akamfundisha maneno ya kwanza ya lugha na kumwonyesha ni mzee gani wa kusalimiwa kabla ya wengine, mara nyingi hata jina hatajwi. Makala haya yanashikilia kwamba uzito huo umewekwa mahali pasipo pake, na kwamba kosa hilo lina madhara ya kweli leo, wakati ambapo kijana wa Texas anaweza kufika Entebbe, na kijana wa Arusha akafika Frankfurt, kwa tiketi iliyonunuliwa kwa simu, pasipo mzee yeyote wa kanisa lake wala wa kanisa la huko aendako kuulizwa neno.

Maandiko yenyewe hayatoi msingi imara wa kuutukuza upweke wa namna hiyo. Injili ya Marko na ile ya Luka zinaeleza kwamba Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, na maelekezo aliyowapa kwa mujibu wa Luka yanahusu nyumba ya kufikia kuliko barabara ya kupita: waingie vipi, wale kile watakachoandaliwa, wala wasihamehame kutoka nyumba hadi nyumba. Kitabu cha Matendo kinasimulia jinsi kanisa la Antiokia lilivyowawekea mikono Barnaba na Sauli, yaani Paulo, kwa pamoja, na hata wawili hao walipogombana na kutengana, Barnaba aliondoka na Marko na Paulo akaondoka na Sila, kila mmoja na mwenzake. Ni kweli kwamba Filipo alikuwa peke yake katika njia ya Gaza alipokutana na towashi wa Kushi, na kwamba Paulo alihubiri Athene bila mwenzi, lakini Paulo huko Athene alikuwa akiwangoja Sila na Timotheo, na mazungumzo ya Filipo yalikwisha katika safari ya gari moja. Anayetaka kuondoka peke yake atapata kifungu cha kumtetea, ila itambidi akitafute.

Hata hivyo walioondoka peke yao hawakuwa watu wa aina moja, wala haifai kuwahukumu kwa jumla. Katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 mashirika ya kutuma wamisionari, yaani vyama vilivyokusanya sadaka nyumbani, vikachagua wafanyakazi, vikawasafirisha na kuwalipa posho, yaliongozwa kwa kawaida na wanaume wenye elimu, na mwanamke maskini asiye na vyeti, akikataliwa na mashirika hayo, alibakiwa na mambo mawili: kukubali kwamba hakuitwa, au kujilipia nauli. Gladys Aylward alijilipia nauli, na kwa kuwa safari yake ndiyo iliyokuja kuwa kielelezo cha safari zote za namna hii, inafaa ichunguzwe kwa karibu.

Aylward alizaliwa mwaka 1902 huko Edmonton, kaskazini mwa London, akaajiriwa kuwa mtumishi wa ndani katika nyumba za matajiri. Shirika la China Inland Mission lilimpokea kwa majaribio, likamwona hafanyi vizuri darasani na kwamba umri wake umeshapita ule wa kujifunza Kichina, likamrudisha alikotoka. Alirudi kwenye ufagio na sinia ya chai, akawa anapeleka mshahara wake kidogo kidogo kwa wakala wa tiketi hadi akatimiza pauni 47 na shilingi 10, gharama ya kwenda China kwa reli kupitia Urusi, kwa sababu nauli ya meli ilikuwa karibu mara mbili ya hiyo. Mwaka 1932, akiwa na miaka 30, aliondoka katika kituo cha Liverpool Street akiwa na makopo ya chakula, mayai ya kuchemsha, jiko dogo la spiriti, sufuria na birika, na fedha ambazo zisingemfikisha popote kama reli ingekatika. Na reli ilikatika. Kwa sababu ya mapigano ya upande wa Manchuria, treni yake ilijaa wanajeshi, abiria wa kawaida wakashushwa, naye alipokataa kushuka alijikuta mwisho wa njia akisikia mizinga, ikamlazimu kurudi kwa miguu akiifuata reli usiku katika theluji hadi mji wa Chita. Kutoka huko alifika Vladivostok, akaokolewa kutoka mikononi mwa maofisa waliotaka kumzuia, akapakiwa katika meli ya Wajapani, akapokewa na wamisionari mjini Kobe, na ndipo akavuka tena bahari hadi Tientsin.

Sehemu hii ya habari zake ndiyo inayohubiriwa zaidi, na inahubiriwa kwa sababu ya theluji. Lakini ukiisoma tena kwa utulivu utaona kwamba mwanamke huyu aliyesafiri peke yake alifika kwa kupokezanwa mikononi mwa watu: mtu asiyemjua aliyemwonya kule Vladivostok, nahodha aliyekubali kumchukua bila nauli kamili, wenyeji wa Kobe waliomlaza na kumtafutia tiketi. Muhimu zaidi, hakuwa akienda mahali asipotarajiwa. Jeannie Lawson, mmisionari mjane kutoka Scotland aliyekuwa na zaidi ya miaka 70 na aliyeishi China miongo mingi, alikuwa ametafuta kijana wa kumrithi kazi, na barua ndiyo iliyompa Aylward anwani ya kufikia katika mji wa Yangcheng, mkoa wa Shanxi. Hapo alikuta nyumba mbovu ambayo Lawson aliigeuza kuwa nyumba ya wageni kwa ajili ya wachunga nyumbu waliopita na mizigo milimani, wakilipia chakula na malazi na kusikiliza visa vya Biblia jioni. Mpishi wao Mchina aliwaandalia wageni chakula na pengine aliwasimulia visa hivyo kwa namna yake, akichanganya mambo, nao wachunga nyumbu wakamwelewa kuliko walivyomwelewa Mwingereza ambaye bado hakujua kutamka.

Lawson alifariki muda si mrefu baada ya Aylward kufika, na hapo ndipo upweke wa kweli ulipoanza, kwa kuwa hakukuwa na shirika nyuma yake, wala posho, wala mtu wa lugha yake. Kilichomwinua ni jambo ambalo wahubiri hulipita haraka. Serikali ya China ilikuwa imepiga marufuku desturi ya kuwafunga wasichana miguu ili isikue, na mkuu wa wilaya ya Yangcheng alihitaji mwanamke mwenye miguu isiyofungwa, anayeweza kupanda milima, azunguke vijijini kuhakikisha kwamba amri inafuatwa, akamteua Aylward. Akapewa nyumbu na askari wa kumsindikiza, akapata sababu halali ya kuingia katika kila nyumba, akaijifunza lugha ya milimani kwa kulazimika kuongea na kina mama, na mwaka 1936 akachukua uraia wa China. Kwa maneno mengine, mtu aliyeondoka London bila mkubwa yeyote wa kumtuma alipata mkubwa wa kumwagiza kazi, naye alikuwa mkuu wa Kichina asiyekuwa Mkristo, ambaye angeweza kumfukuza siku yoyote. Filamu ya Hollywood ya mwaka 1958 ilimpa sura ya mwigizaji Ingrid Bergman na mapenzi ambayo Aylward mwenyewe aliyalalamikia vikali. Ukaguzi wa miguu umo ndani yake, ila kama kituko cha njiani, wakati kwa hakika ndio uliokuwa ajira yake, ulinzi wake na shule yake.

Pwani ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa mambo haya, na ni wa zamani kuliko wa Yangcheng. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyetumikia shirika la Church Missionary Society la Uingereza, alifika Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Uhabeshi. Hakuwa peke yake, kwa kuwa alifuatana na mkewe Rosine, lakini mwezi Julai mwaka huohuo Rosine alifariki kwa homa huko Mombasa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata baada ya siku chache. Kuanzia hapo hadi Juni 1846, alipofika Johannes Rebmann, Krapf alikuwa mmisionari pekee katika pwani yote hiyo. Vitabu vya misheni vimelipa kaburi la Rosine, lililo upande wa bara mkabala na kisiwa cha Mombasa, heshima linayostahili, na hakuna haja ya kuipunguza. Lakini upweke wa miaka ile miwili ulikuwa na watu wengi ndani yake. Sayyid Said, Sultani Mwislamu wa Oman na Zanzibar, alikuwa amempa Krapf barua kwa maliwali wake, akiwaagiza wamtendee wema na kumsaidia popote atakapokwenda. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwezi Juni 1844, mwezi mmoja kabla ya msiba wake, aliyekaa naye kumsahihisha alikuwa Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi, yaani hakimu wa sheria za Kiislamu, wa Mombasa. Na Agosti 1846 alipopanda na Rebmann kwenda Rabai, wote wawili wakiwa na homa, walikwenda mahali ambapo wazee wa Rabai walikuwa wameshakubali wakae.

Kwa hiyo sarufi ya Kiswahili aliyoichapisha Krapf mwaka 1850 na kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ni vitabu ambavyo, licha ya jina la Mjerumani lililo juu ya jalada, vilitegemea subira ya Waswahili ambao hawakuwa na haja yoyote ya dini yake. Inashangaza kidogo kwamba makanisa yanayosoma Biblia ya Kiswahili kila Jumapili hayana mazoea ya kumkumbuka kadhi huyo. Rebmann alikaa hadi mwaka 1875, miaka 29, akaondoka akiwa kipofu, na idadi ya waliobatizwa mikononi mwake ilikuwa ndogo mno. Jumuiya ya Rabai ilipata nguvu kwa msaada mkubwa wa Waafrika waliokombolewa utumwani, wakalelewa na kusomeshwa Nashik nchini India, na kurudishwa pwani, baadhi yao kuanzia miaka ya 1860. Hawa walivuka bahari mara mbili, ya kwanza kwa minyororo, na wasifu wao bado ni mwembamba.

Mfano wa tatu hauhitaji bahari, lakini unafaa kwa sababu mhusika wake ni Mwafrika. Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda, alikwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1896. Wainjilisti wenzake wa Kiganda waliomtangulia walikuwa wameshindwa kukaa kwa sababu chifu Tabaro aliwakatalia watu kuwapa chakula, na mgeni asiyepewa chakula hana mahubiri yatakayomshibisha. Kivebulaya alifika akiwa na nia ya kulima, akapigwa, akasingiziwa kosa, akafungwa, akarudi, na hatimaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Alifia hukohuko mwaka 1933. Hapa pana mtu ambaye hakukaribishwa na bado kazi yake ikashika mizizi, na yeyote anayetetea makala haya lazima akubali kwamba mlango kufungwa siku ya kwanza si jibu la mwisho. Lakini itazamwe namna alivyoushughulikia mlango huo: hakuingia usiku, hakuleta chakula cha kutosha asihitaji mtu, na kila alipofukuzwa alirudi kwa chifu yuleyule aliyekuwa na mamlaka ya kumfukuza tena.

Kutokana na mifano hii mitatu linajitokeza jambo ambalo huenda ndilo utetezi pekee wa kweli wa kwenda peke yako. Kundi la watu kumi na wawili wanaokuja na mpishi wao, dawa zao, maji yao ya chupa na basi lao la kukodi wanaweza kukaa kijijini wiki mbili, wakapaka rangi darasa na kupiga picha, wasimhitaji mwenyeji kwa lolote zaidi ya kuonyeshwa njia. Waliokula pamoja, kulala pamoja na kulia pamoja ni wao kwa wao. Anayekuja peke yake hana njia ila kula kwa watu. Akiugua malaria atauguzwa na mke wa mchungaji, akikosea salamu atachekwa na watoto, na asipopata mtu wa kuongea naye lugha yake atalazimika kujifunza ya wenyeji, na ndiyo maana Krapf asiye na mwenzi aliandika sarufi. Upweke, kwa maana hiyo, ulikuwa chuo, na ada yake ilikuwa kuwategemea wenyeji. Tatizo la zama hizi ni kwamba safari ya peke yako imebaki, na ule utegemezi umeondolewa. Simu humpa msafiri mahubiri ya nyumbani kila jioni, benki humtumia fedha kwa dakika moja, na marafiki elfu moja wasiowahi kuikanyaga nchi ile humpongeza kwa kila picha, kiasi kwamba anaweza kukaa mwaka mzima katika mji wa watu akiwa chini ya usimamizi wa watu walioko bara jingine.

Mfano mkali wa upande huu ni wa John Allen Chau, Mmarekani wa miaka 26, aliyeuawa Novemba 2018 katika kisiwa cha Sentinel Kaskazini kwenye visiwa vya Andaman vya India. Wakazi wa kisiwa hicho wameonyesha kwa miongo mingi, kwa mishale, kwamba hawataki kufikiwa, na serikali ya India imekataza mtu yeyote kukikaribia, pamoja na sababu nyingine kwa kuwa miili yao haina kinga dhidi ya maradhi ya kawaida ya watu wa nje, ambapo mafua tu yanaweza kuwa msiba wa taifa zima dogo. Chau hakuwa mjinga wala mtalii: alijiandaa kwa miaka, alisomea mambo ya lugha, alipata mafunzo ya shirika la wamisionari la nchini mwake, hata alijitenga kwa siku kadhaa ili asiambukize watu. Aliwalipa wavuvi wamvushe gizani. Siku ya kwanza alirushiwa mshale, akarudi kwenye mashua. Akaenda tena, na hakurudi. Wapo waliomwita shahidi, yaani mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani, na wapo waliomwita mvamizi. Ubishi huo hauna faida kubwa. Linalopasa kuulizwa ni nani, katika mpango wote ule wa miaka, aliyekuwa na nafasi ya kusema hapana na neno lake likasikika: waliomfundisha walimruhusu, sheria ya nchi ikazungukwa, na mshale wenyewe, ambao ndio jibu pekee ambalo wenyeji waliweza kulitoa, ukahesabiwa kuwa jaribu la imani. Wavuvi waliomvusha walikamatwa na polisi, jambo linalosimuliwa kwa nadra katika mahubiri.

Karibu zaidi na hapa, katika mji wa Jinja nchini Uganda, mwanamke kijana kutoka Marekani aliyewasili akiwa bado hajatimiza miaka 20 alianzisha kituo cha kuwalisha watoto wenye utapiamlo, ambacho kilikuja kupokea watoto mahututi ilhali yeye hakuwa na mafunzo ya utabibu. Mwaka 2019 kina mama wawili waliofiwa na watoto wao walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Jinja. Yeye alikanusha madai hayo, na mwaka 2020 pande zote zilipatana nje ya mahakama bila upande wa utetezi kukiri kosa. Mahakama haikutoa hukumu, na si kazi ya makala haya kutoa hukumu hiyo. Inatosha kusema kwamba wachangiaji wake walikuwa ng'ambo, kwamba wao ndio waliosoma habari zake na kumwamini, na kwamba mama aliyempeleka mtoto pale hakuwa na mahali pa kumshtakia mgeni mpaka alipopata mawakili.

Ingekuwa rahisi, na ingependeza masikioni mwa wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi, kuishia hapa na kuyaacha makosa yote kwa wazungu. Lakini makanisa ya Afrika Mashariki nayo yanatuma. Wahubiri wa uamsho wa Balokole, vuguvugu la toba lililoanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, walivuka bahari tangu miaka ya 1940, na ni muhimu kukumbuka kwamba William Nagenda na Festo Kivengere walizoea kwenda wawili, mmoja akihubiri na mwingine akiwa tayari kumkosoa jioni ileile, kwa kuwa uamsho huo ulimtaka kila mtu atembee nuruni mbele ya mwenzake. Siku hizi baadhi ya dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kupitia umoja wa misheni wenye makao yake Wuppertal, hubadilishana wachungaji na vijana na makanisa ya Ujerumani, na mpango wa serikali ya Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani nchi za kusini, baadaye ulifungua njia ya vijana wa kusini kwenda huko kwa mwaka mmoja. Kijana anayepita njia hizo huenda peke yake ndani ya ndege, lakini jina lake liko kwenye karatasi ya mtu anayemngoja.

Kuna wengine wengi wasiopita njia hizo. Changizo hufanywa kanisani, bahasha huzungushwa, ahadi huandikwa, siku ya ibada ya kumtuma kijana huwekewa mikono na wazee, akina mama humfunga kanga, na katika furaha hiyo yote barua ya mwaliko iliyowasilishwa ubalozini imeandikwa na mtu ambaye hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kuongea naye kwa simu. Viza ya Schengen, ambayo huruhusu kukaa si zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180 katika nchi nyingi za Ulaya, ndiyo humpeleka, na siku ya 91 mjumbe wa injili hugeuka kuwa mhamiaji asiye na kibali, anayeogopa kurudi kwa sababu kanisa lilimchangia. Mwezi wa kwanza hulala katika chumba ambacho jirani wa mlango wa pili hamsalimu, hupanda basi ambalo abiria wote wamenyamaza, na Jumapili huingia katika kanisa la mawe lenye viti vya watu mia nne na wazee kumi na wanane waliokaa mbalimbali, ambao hawajui aliombwa na nani aje kuwaamsha. Mtu wa namna hiyo huumia, na aibu humfanya aandike nyumbani kwamba kazi inakwenda vizuri.

Kwa upande wa wanaokuja, sheria zetu zimeshaweka kile ambacho makanisa hayajaweka. Tanzania humtaka mmisionari awe na kibali cha ukaazi cha daraja C, Kenya humtaka awe na kibali cha daraja I kinachotolewa kwa watumishi wa taasisi za dini na hisani zinazotambuliwa, na vibali vyote viwili vina maana moja kubwa: kwamba pawepo taasisi iliyo hapa, yenye anwani, inayomwombea na kuwajibika kwa ajili yake. Wageni wengi wa muda mfupi huikwepa hatua hiyo kwa kuingia kama watalii, na makanisa wenyeji huwasaidia kuikwepa, kwa sababu mgeni akija na mashine ya kuchapisha na ahadi ya kisima hakuna anayependa kumuuliza karatasi. Mgeni njoo mwenyeji apone ni msemo mzuri, ila umetumika mno kuwanyamazisha wenyeji walioona kwamba mgeni anaharibu.

Atakayejibu kwamba dawa ni kusafiri kwa makundi akumbuke Wakorea 23 wa kanisa moja waliotekwa na Taliban nchini Afghanistan mwezi Julai 2007, wawili kati yao wakauawa kabla ya waliobaki kuachiliwa. Wingi wao haukuwalinda, na pengine uliwafanya waonekane upesi zaidi barabarani. Idadi ya wasafiri haiwezi kuwa kipimo. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni kama mwenyeji ana mamlaka. Kanisa linalotuma linapaswa kupokea barua kutoka kanisa au jumuiya inayopokea kabla ya bahasha ya kwanza kuzungushwa, na barua hiyo itaje kazi iliyoombwa, kwa kuwa yapo maeneo mengi yaliyoomba mwalimu wa hesabu yakaletewa mhubiri. Sehemu ya fedha, pamoja na tiketi ya kurudi, iwe mikononi mwa wenyeji. Miezi ya kwanza iwe ya lugha, bila kuhubiri, hata kwa mtu mwenye kipaji, na hasa kwa mtu mwenye kipaji. Na taarifa ya kazi, ile ambayo huandikwa kila robo mwaka kwa wachangiaji, isomwe kwanza na mchungaji wa mahali pale katika lugha anayoielewa, naye aruhusiwe kuandika chini yake, kwa mkono wake, kama mgeni aendelee kukaa au arudishwe kwao.